Milango ya bomba kwa Suzuki SJ410: gereji ilifunga kwa kidole kimoja, wiki ya sita haifungi tena. Kosa liko wapi?

Mwana_Konde:
Assalaam alaykum. Ninayo Suzuki SJ410 ya turubai, ile ya injini ya lita moja, ambayo huitumia kwenda Makangale na Vumawimbi kwa njia ya msitu wa Ngezi, huku Pemba. Milango yake ya asili ilikuwa imeliwa na kutu upande wa chini kiasi kwamba ukiufunga mmoja kwa nguvu unaokota vipande mchangani, kwa hivyo kabla ya masika niliivua yote miwili nikamwendea fundi mmoja wa Chake ili tuunde milango ya bomba, yaani fremu tupu ya chuma inayofika kiunoni mwa aliyekaa, isiyo na bati wala kioo.

Tuliuchora mlango kwa chaki sakafuni, tukakunja bomba la inchi moja kuufuata mchoro, tukaweka bomba jengine la kulala katikati, tukachomelea bawaba za asili tulizozikata kwenye milango ya zamani, na upande wa kufungia fundi akatengeneza komeo la kusukuma kwa mikono yake. Siku ya kuichukua gari, kila mlango ulifunga kwa kidole kimoja, nami nikalipa bila kuvuta bei. Leo ni wiki ya sita. Mlango wa kushoto umeshuka milimita 8 upande wa komeo, hata abiria hana budi kuunyanyua kwa goti ndipo uingie. Wa kulia, ambao ni wangu dereva, haujashuka hata kidogo, lakini hufunguka wenyewe kila nikipita juu ya mizizi ya Ngezi. Fundi anasema gari yangu ndiyo iliyopinda, na mimi nasema kazi yake ndiyo iliyopinda. Naomba rai za waliowahi kuifanya kazi hii wenyewe.

Chuma_cha_Saateni:
Wa alaykum salaam. Kabla ya rai nina swali: hilo "bomba la inchi moja" ni lipi? Bomba la maji huitwa kwa kadiri ya tundu lake la ndani, wala si kwa upana wa nje, kwa hivyo bomba la maji la inchi moja lina milimita 33.7 kwa nje, na ukuta wake kwa kawaida unazidi milimita 3. Bomba la fanicha, lile la vitanda na viti vya skuli, huitwa kwa kipimo cha nje, na la inchi moja ni milimita 25 na kidogo tu. Chukua uzi, uzungushe mara moja kwenye bomba, kisha uupime. Ukipata sentimita 8 ni la fanicha. Ukipata sentimita 10 na nusu umetundika mfereji mlangoni.

Mwana_Konde:
Uzi umetoa sentimita 10.6. Ni bomba la maji, tena lililochovywa zinki, mabaki ya kisima cha jirani yangu. Fundi alilisifu sana kuwa halitashika kutu.

Chuma_cha_Saateni:
Basi jawabu umeishalipata. Bomba hilo, likiwa na ukuta wa milimita 3.2, lina uzito wa kilo 2.4 kwa kila mita, wakati la fanicha lenye ukuta wa milimita 1.5 halifiki hata kilo moja kwa mita. Mlango wa Suzuki ndogo unakula kama mita nne na nusu za bomba. Wewe umening'iniza karibu kilo 11, mwenzako aliyetumia la fanicha amening'iniza kilo 4. Hizo saba za ziada ndizo zinazoivuta bawaba usiku na mchana.

Mjengadau:
Ndugu Chuma, hesabu yako ya uzito ni sahihi, lakini hukumu uliyoitoa haifuati. Mlango wa asili wa gari hiyo una bati mbili, kioo na mashine ya kupandishia kioo. Mimi niliuvua wangu, nikaupima kwa mizani ya karafuu ukazidi kilo 15, na bawaba zile zile ziliubeba zaidi ya miaka thelathini pasi na kushuka. Iweje leo zishindwe na kilo 11?

Mimi ni fundi wa vyombo, si wa magari, lakini mlango ni mlango. Katika maelezo ya Mwana_Konde sikuona popote lilipotajwa bomba la mshazari, yaani linaloikata fremu kutoka pembe hadi pembe. Fremu ya pembe nne isiyo na mshazari si fremu, ni kitanda cha kamba kilicholegea: ukikibonyeza pembe moja, nyengine zinafuata. Mlango wa asili haukuhitaji mshazari kwa kuwa bati lake lote ni mshazari. Ukiondoa bati lazima uweke badala yake kipande kinachoanzia chini, kwenye bawaba ya chini, na kupanda hadi pembe ya juu ya upande wa komeo. Ukikiweka kinyume chake hakina kazi.

Fundi_Mstaafu:
Mjengadau amesema kweli kuhusu mshazari, ila sentensi yake ya mwisho ni ya mbao. Kipande cha mbao kilichopigiwa misumari kina nguvu ya kusukuma, si ya kuvuta, ndiyo maana katika mlango wa ubao lazima kisimame kwenye bawaba ya chini. Waya ni kinyume chake, unavuta tu, kwa hivyo hufungwa kutoka bawaba ya juu kwenda pembe ya chini ya mbele. Bomba lililochomelewa ncha zote mbili linasukuma na linavuta, na upande wowote utakaouelekeza litafanya kazi.

Mjengadau:
Nimekubali, maalim. Hata hivyo mshazari haupo kwa upande wowote, kwa hivyo rai yangu iko pale pale.

Binti_Jambiani:
Nyote mmeusahau upepo. Mimi nina Suzuki mbili za kukodisha hapa Jambiani, na moja nilitengenezewa milango ya bomba kwa sababu wageni wanapenda kupiga picha gari ikiwa wazi. Mwezi wa kwanza wa kusi, mgeni aliegesha gari upande wa matlai, yaani mashariki, ikiwa imeipa bahari kisogo, akafungua mlango, akaenda kuogelea. Mlango ukachukuliwa na upepo ukazunguka wote hadi ukapiga madigadi, nikakuta alama ya bomba kwenye rangi na bawaba imefunguka kama mdomo. Tangu siku hiyo mlango ulishuka. Sababu yake ni kwamba ule ukanda unaouzuia mlango wa asili usifunguke kupita kiasi hubaki kwenye mlango wa zamani, na hakuna fundi anayekumbuka kuuhamisha. Vumawimbi imeelekea kaskazi. Nakuuliza kaka: mlango wako wa kushoto una kizuizi chochote?

Mwana_Konde:
Dada, hauna. Na sasa kwa kuwa umeuliza, nimetoka nje na tochi, nimeiona alama ndogo kwenye madigadi ya kushoto. Lakini ya kulia ipo pia, na mlango wa kulia haukushuka.

Mzee_wa_Gari_ya_Ngombe:
Kwangu haina mlango, na tangu niinunue haujashuka.

Fundi_Mstaafu:
Mwanangu Mwana_Konde, nimefundisha karakana miaka mingi, na niruhusu niandike kwa urefu kidogo, maana kosa ninaloliona mimi limetangulia upepo na uzito.

Umesema mliuchora mlango sakafuni. Hapo ndipo kazi ilipoanza kupotea. Tundu la mlango wa gari si bapa. Lina mbinuko wa kuelekea nje, na nguzo zake mbili haziko sambamba. Fremu inayoundwa sakafuni hutoka bapa, kisha hulazimishwa ikae garini, na kilichobakia kinarekebishwa kwa kuzipinda bawaba kwa nyundo. Utaratibu ninaoujua mimi ni kuanza na bawaba zenyewe kwenye gari. Unachukua fito moja ya chuma iliyonyooka, unaipitisha katika tundu za bawaba zote mbili kwa pamoja, ya juu na ya chini, na ikipita bila kubanwa ndipo unazichomelea. Bawaba mbili zisizo kwenye mstari mmoja hazikatai siku ya kwanza. Zinakubali, lakini kila unapofungua mlango moja inaipinda mwenzake, mara kumi kwa siku, kwa wiki sita.

Jambo la pili ni maungio. Bomba linalokutana na bomba jengine linapaswa kukatwa mdomo wa samaki ili likae juu ya duara la mwenzake pasi na pengo. Kwa asiye na mashine, unaviringisha karatasi kwenye bomba, unachora mkato, unaikata karatasi kwa mkasi, unaifunga tena na kufuatisha kwa grainda. Fundi mwenye haraka hukata ncha ikawa bapa, kisha pengo analijaza kwa vijiti vya kuchomelea. Chuma kilichojazwa kikipoa hujikunja, na kadiri pengo lilivyokuwa kubwa ndivyo kinavyovuta zaidi. Ndiyo sababu unashikiza kwanza kwa vidonge vidogo vidogo vya kuchomelea pande zote mlango ukiwa garini umefungwa, ukiwa umeweka vipande vya mpira wa ndala baina ya bomba na bodi ili nafasi iwe sawa pande zote, halafu ndipo unamalizia, huku ukirukaruka kutoka pembe moja hadi ya mkabala wake badala ya kumaliza pembe moja kwa pumzi moja.

Na ukichomelea garini, toa waya wa betri, na klampu ya mashine iwe karibu na unapochomelea, usije ukauunguza altaneta.

Chuma_cha_Saateni:
Maalim, heshima yako, lakini chuma kinachovutwa kwa kupoa kinavutwa siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Mwana_Konde amesema mlango ulifunga kwa kidole kimoja siku ya kuuchukua. Kama kosa ni kupoa, lingeonekana kabla hajalipa.

Fundi_Mstaafu:
Hoja yako ni nzito kuliko bomba lake, na nakubali kuwa mvuto wa kupoa pekee hauwezi kusubiri wiki sita. Lakini kumbuka kuwa bomba lile lina zinki. Zinki ikiwa haikuondolewa kwa msasa au grainda pale panapochomelewa, huchemka kabla chuma hakijayeyuka, na mvuke wake hubaki katika mshono kama matundu ya mkate wa kumimina. Mshono wa namna hiyo hushika leo na kupata ufa baadaye, hasa kwenye bawaba ya chini.

Ufa unaweza kuutafuta bila kifaa chochote. Safisha mshono hadi kwenye chuma, upake mafuta ya taa, subiri robo saa, ufute uwe mkavu kabisa, kisha upake unga wa chaki. Palipo na ufa mafuta yatatoka taratibu na kuchora mstari wa rangi ya kijivu juu ya chaki.

Kiboko_wa_Fumba:
Kuhusu hiyo zinki naomba niongeze, kwa sababu mimi nilitaka kufa. Nilichomelea mabomba ya zinki ndani ya banda lililofungwa, moshi mweupe ukanijaa, sikujali. Usiku nikashikwa na baridi, homa, viungo vyote vinauma, mdomoni ladha ya shaba. Nikajua ni malaria, nikapimwa, hamna kitu. Siku ya pili nikaamka mzima. Daktari alinieleza kuwa ndiyo homa ya mafusho ya chuma, nayo huondoka yenyewe kwa siku moja au mbili, lakini si ya kuchezea. Mafundi wenzangu wananywa maziwa kabla ya kazi wakiamini yanakinga. Maziwa yanakwenda tumboni na moshi unakwenda pafuni. Sijui watakutana wapi. Chomelea nje, upepo ukupige ubavuni, na zinki iondoe kwanza.

Dereva_wa_Micheweni:
Naona mnamtesa fundi wa watu bure. Suzuki hiyo ina fito za springi mbele na nyuma na chesisi ya ngazi, na bodi imekaa juu ya vipande vya mpira. Gari ikiingia gurudumu moja shimoni, chesisi inajinyonga, na bodi inajinyonga nayo, na tundu la mlango ambalo lilikuwa na umbo lake linakuwa na umbo jengine. Katika magari mengi ya zamani mlango wa asili una kabari ndogo upande wa kitasa inayoupokea na kuubeba ukishafungwa, kwa hivyo bodi ikinyonga mlango unakwenda nayo. Komeo la kutengeneza halina kabari. Mlango unaning'inia kwenye bawaba muda wote wa safari, unarushwa juu na chini maelfu ya mara kutoka Konde hadi Kigomasha. Fundi amesema gari imepinda, nami niko upande wake.

Usibishane kwa maneno, pima. Egesha pahala bapa, fungua milango, pima ulalo wa tundu la mlango kutoka pembe ya juu mbele hadi ya chini nyuma, na ule mwengine. Andika. Kisha panda gurudumu moja la mbele juu ya gogo la mnazi, pima tena. Mimi kwangu ulibadilika milimita 4, na gari yangu ina mipira mipya ya bodi.

Mjengadau:
Hilo nalifahamu vizuri, jahazi nalo hujinyonga baharini, na mlango wa chumba cha nahodha unaobana bandarini hufunguka wenyewe likipanda wimbi. Lakini kama bodi ndiyo inayonyonga, kwa nini milango miwili ya gari moja imeugua maradhi mawili tofauti?

Dereva_wa_Micheweni:
Kwa sababu ni maradhi mamoja katika makomeo mawili. Wa kulia unapofunguka wenyewe kwenye mizizi, ni tundu linalopanuka na ulimi wa komeo kutoka nje. Mwana_Konde, ulimi wa komeo lako unaingia kiasi gani?

Mwana_Konde:
Milimita 9. Na springi yake ni ya kalamu, kusema kweli. Fundi alikosa nyengine.

Chuma_cha_Saateni:
Springi ya kalamu! Kitasa cha asili cha gari kina kucha inayoizunguka pini ya nguzo na kuikumbatia, tena kwa hatua mbili, kwamba hata usipofunga vizuri hatua ya kwanza inashika. Nguzo ikisogea, kucha inasogea nayo. Ulimi wako haukumbatii kitu, umesimama tu tunduni kama mtu aliyeegemea mlango wa watu. Kata vitasa kwenye ile milango ya zamani uvihamishe, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Na mkanda wa kiti usiuache, kwa sababu mlango wa bomba hata ukifunga vizuri hauzuii mtu kutoka wala hauzuii gari nyengine kuingia ubavuni.

Binti_Jambiani:
Na vioo vya pembeni umeviweka wapi? Kwenye gari yangu vilikuwa juu ya milango, vikaondoka nayo, na siku tatu nikaendesha bila kumwona aliye nyuma hadi askari wa barabarani aliponikumbusha kwa upole usio wa kawaida. Sasa viko kwenye nguzo ya kioo cha mbele.

Mwana_Konde:
Viko hapo hapo, dada, kwenye nguzo. Hilo angalau tulilikumbuka.

Msafiri_wa_Kojani:
Samahani kwa kuchelewa. Mliyakunjaje mabomba? Nauliza kwa sababu yangu niliyajaza mchanga, nikayapasha moto, nikayakunja kwa ringi ya gari kuukuu, yakatoka mazuri kabisa bila mkunjo. Baada ya mwaka mmoja bomba la chini lilikuwa jembamba kama karatasi, nikalitoboa kwa kidole.

Mwana_Konde:
Tulifanya vivyo hivyo. Mchanga tuliuchukua ufukweni, ulikuwa mkavu kabisa.

Fundi_Mstaafu:
Lahaula! Mchanga wa pwani mkavu machoni si mkavu ndani. Unyevu uliobaki ukipashwa moto ndani ya bomba lililozibwa ncha zote mbili huwa mvuke, na kizibo cha mti huruka kama risasi, kwa hivyo mshukuru Mungu kuwa mmebaki na macho. Pili, una chumvi. Mchanga wa kazi hii unaoshwa kwa maji matamu, unakaangwa kwenye bati hadi uache kutoa mvuke, na baada ya kukunja bomba hugongwa na kusuuzwa hadi chembe ya mwisho itoke. Chumvi iliyobaki hula kutokea ndani, na nje utaona zinki inang'aa. Ila kwa wiki sita sidhani kama kutu imeshaufikia unene wa milimita 3.

Msafiri_wa_Kojani:
Basi toboa tundu dogo chini kabisa ya kila bomba, maji yakiingia yapate kutoka. Mimi sikutoboa. Nilidhani nimeziba kila pahala, lakini jasho la chuma halina mlango.

Kiboko_wa_Fumba:
Wenye Land Rover kama mimi wana balaa lao jengine. Bodi yake ni ya aluminiamu na bomba ni la chuma, na pakiingia maji ya chumvi baina yao aluminiamu ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe chini ya bolti. Kila bawaba weka kipande cha mpira au plastiki katikati, na bolti zipakwe grisi kabla ya kukazwa. Huyu mwenye Suzuki hahusiki, nimesema kwa atakayesoma baadaye.

Dereva_wa_Micheweni:
Umetaja grisi. Mimi napinga grisi kwenye pini za bawaba za gari ya ufukweni. Grisi inashika mchanga, na grisi yenye mchanga ni msasa. Pini ya Mwana_Konde huenda imeliwa, na milimita moja kwenye pini ni milimita tatu au nne kwenye komeo.

Mjengadau:
Tia sifa. Vyombo vyetu vimeishi kwa mafuta ya papa, na maji ya chumvi yaliyashindwa.

Binti_Jambiani:
Nani atapanda hiyo gari?

Mjengadau:
Paka watapanda. Lakini kwa kweli, mafuta mepesi ya mashine tone moja kila wiki, na kuifuta pini kwa kitambaa kabla ya kutia mengine, yatatosha kwa yeyote mwenye pua nyepesi.

Mwana_Konde:
Nimerudi. Leo tangu alasiri nimekuwa chini ya mwembe na futi kamba, na mwanangu alishika tochi kwa muda kabla hajakimbilia mpira. Nawapa nilichokiona bila kukipamba.

Kwanza ulalo. Gari ikiwa bapa, tundu la kushoto na la kulia hayapishani hata milimita moja, kwa hivyo gari yangu ikisimama haikupinda, na fundi nitamfikishia habari hiyo. Nikapanda gogo la mnazi kwa gurudumu la mbele la kushoto: ulalo mmoja wa tundu la kushoto ulifupika milimita 5, na wa kulia milimita 5 vile vile.

Pili fito. Nimevua mlango wa kushoto, nikatafuta fito iliyonyooka, nikaipitisha bawaba ya juu. Kwenye ya chini haikuingia. Imepishana kwa unene wa sarafu ya shilingi mia, upande wa nje. Mlango wa kulia fito imepita, ingawa kwa kusukumwa.

Tatu mafuta ya taa. Kwenye bawaba ya chini ya kushoto, ukingoni mwa mshono, umetoka mstari wa urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho. Pini ya bawaba hiyo ina mng'aro upande mmoja tu, na ukiitikisa inacheza.

Fundi_Mstaafu:
Fito haikupita. Sina la kuongeza.

Dereva_wa_Micheweni:
Maalim, milimita 5 kwa gogo moja la mnazi! Bawaba ingeweza kuwa kwenye mstari siku ya kwanza ikahamishwa na mnyongo huo, na ufa ndio alama ya kuhamishwa. Amepima baada ya wiki sita, hakupima siku ya kwanza.

Binti_Jambiani:
Au imehamishwa na upepo siku mlango ulipopiga madigadi. Fito haisemi nani aliyeipinda bawaba, inasema tu imepinda.

Chuma_cha_Saateni:
Na hata mimi nitasema kwamba kilo 4 zingeuvumilia ufa huo ambao kilo 11 zimeufungua. Lakini nasubiri kusikia kwa nini bawaba ya kulia imesalimika na uzito ni ule ule.

Mjengadau:
Upande wa kushoto ndio wa abiria. Abiria huukalia mlango akiongea na watu wa njiani, na watoto huukanyaga bomba la kati kupandia. Mimi nimekuona Konde sokoni, ndugu yangu, na watatu wamening'inia upande huo.

Mwana_Konde:
Wanne, siku ya sikukuu. Hilo sikuliandika mwanzoni.

Jumamosi nakata bawaba ya chini ya kushoto, nahamisha vitasa vya asili pande zote mbili, na ukanda wa kuzuia nitaushona kwa mkanda wa kiti kuukuu. Fremu nitaiunda upya kwa bomba jepesi, safari hii garini na si sakafuni, na mshazari utakuwepo. Nitapima ulalo na fito siku ile ile kabla sijaondoka gereji, niandike kwenye daftari, ili baada ya wiki sita nyengine tujue nani kati yenu alikuwa na haki. Aliye karibu na Wete anieleze wapi nitapata bomba la fanicha la inchi moja.

Chuma_cha_Saateni:
Duka lolote la vyuma watakwambia wanalo. Nenda na uzi wako.